Siku nzima ya katuni za vichimbakazi: tuanze na ipi, na diski za Marekani zinakataa kucheza

Dada_wa_Milimani: Wadau, hamjambo. Jumamosi mdogo wangu anateremka Kisumu kutoka Kakamega. Tunataka kushinda ndani tukitazama upya katuni za vichimbakazi tulizokua nazo, Tinker Bell na zile za Barbie. Shangazi ametuletea DVD halisi kutoka Marekani, lakini mashine ya DVD inasema eneo si sahihi. Tufanyeje? Na tuzipange vipi? Jioni huku mvua ya radi haikawii, na stima nayo mnaijua.

Fundi_Kondele: Dada, diski zako ni nzima. Geuza kasha, tafuta alama ndogo ya dunia yenye namba ndani, hiyo ndiyo namba ya eneo la diski. Marekani ni 1, Kenya ni 5. Mashine iliyofungwa kwenye 5 haiwezi kusoma 1. Angalia nyuma ya mashine: ukikuta 0 au ALL, inacheza zote, kwa hiyo tatizo litakuwa kwingine. Ikiwa ni 5, tafuta namba kamili ya modeli kwenye kibandiko, kwa sababu mashine nyingi za bei ya chini hufunguliwa kwa rimoti na kila modeli ina tarakimu zake. Usibonyeze za modeli nyingine kwa kubahatisha.

Ukitumia laptopu, tahadhari: kiendeshi cha DVD hukubali kubadilishwa eneo mara 5 tu, kisha hubaki pale pale daima. Kabla ya kubadilisha chochote, jaribu kwanza programu ya VLC, mara nyingi hucheza bila kuuliza eneo. Halafu unganisha kwenye tivi kwa kebo ya HDMI.

Picha ikitoka nyeusi na nyeupe au ikawa inapanda na kushuka, hilo si suala la eneo. Ni mfumo wa picha za tivi: diski za Marekani ni NTSC, sisi huku ni PAL. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, upande wa picha, uweke Auto au Multi.

Dada_wa_Milimani: Asante sana, fundi. Moja inakwama katikati, ina mikwaruzo.

Fundi_Kondele: Kitambaa laini cha pamba, maji kidogo na tone la sabuni ya vyombo. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe: data imeandikwa kwa mzunguko, na mkwaruzo unaoifuata njia hiyo ndio unaoishinda mashine. Ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Mpenzi_wa_Katuni_Nakuru: Sasa mpangilio. Tinker Bell ni filamu sita: Tinker Bell (2008), Lost Treasure (2009), Great Fairy Rescue (2010), Secret of the Wings (2012), The Pirate Fairy (2014) na Legend of the NeverBeast, iliyoanza kutoka mwisho wa 2014. Kila moja ni dakika 75 hadi 81 hivi, kwa hiyo zote zinakaribia saa nane kamili bila hata mapumziko ya chai. Msizilazimishe zote.

Nne za kwanza zimefuata misimu: masika ya maua, vuli ya majani, kiangazi cha Uingereza, kisha baridi. Mkiziruka ovyo mnapoteza huo utamu. Kama muda ni wa tatu tu, tazameni ya kwanza, Secret of the Wings na The Pirate Fairy. Kwa dada wawili, hiyo ya baridi ndiyo moyo wa siku: Tinker Bell anagundua ana dada, kwa kuwa wote wawili walizaliwa na kicheko kimoja. Tulieni pale mabawa yao yanapokutana na kung'aa. Halafu Pirate Fairy inanoga zaidi mkikumbuka Peter Pan ya 1953, maana yule kijana James ndiye atakayekuwa Kapteni Hook, haramia adui wa Peter Pan.

NeverBeast iwe ya mwisho kabisa, au muiache siku nyingine. Ile kwaheri yake inaliza watu wazima, na ukiweka filamu nyingine mara tu baada yake hutaisikia.

Mama_Mamboleo: Za Barbie zina mkondo wake: Fairytopia (2005), Mermaidia (2006), Magic of the Rainbow (2007). Elina, kichimbakazi mhusika mkuu, huanza bila mabawa, kwa hiyo msianzie katikati. Mariposa (2008) ifuate baada ya Fairytopia, kwani Elina ndiye anayemsimulia Bibble, rafiki yake mdogo, hadithi hiyo. Binafsi nisingechanganya Barbie na Tinker Bell siku moja.

Anzeni saa tatu asubuhi, mfunge leso nene dirishani upande wa jua. Mkisikia radi, chomoeni tivi, mashine na waya wa antena. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Ndiyo faida ya laptopu: ichajini tangu asubuhi, na ngurumo ikianza ichomoeni na HDMI, mmalizie kwenye betri.

Bisi: nusu kikombe cha mahindi ya bisi, mafuta vijiko vitatu vya mezani, sufuria nzito ya lita nne. Tieni punje tatu kwanza. Zikipasuka, mimina zilizobaki na mfunike, mkiacha upenyo mdogo wa mvuke, la sivyo zitakuwa ngumu kama mpira. Sukari isiingie sufuriani, huungua kabla punje hazijaisha. Punje nyingi zikikataa, mahindi yamekauka mno: unyevu wa ndani ndio unaopasua. Zikipoa, hifadhini kwenye mkebe wa kifuniko, hewa ya ziwa huzilegeza upesi.