Programu ya kumdhibiti mtoto kwenye simu: Family Link au ya kulipia?

MtuWaFuoni: Assalaam alaykum. Nataka kumuwekea mwanangu programu ya kumlinda mtandaoni. Nimeambiwa Family Link ni ya bure na Qustodio ni ya kulipia kwa mwaka. Ipi bora? Nataka nimalize kabla skuli hazijafungwa.

Karafuu_Wete: Waalaykum salaam. Yakhe, hujasema kitu! Mtoto ana umri gani? Simu gani? Kama ni iPhone usinunue chochote, Screen Time imo ndani ya mipangilio.

BiMkasi: Family Link, basi. Ya Google, unamfungulia akaunti yake, kila anachotaka kupakua kinakuja kwako kwanza. Wangu ikifika saa tatu usiku simu inajifunga, alie asilie.

FundiDarajani: Mnajihangaisha. Android kuanzia toleo la 9 ina DNS ya faragha, yaani unachagua mwenyewe huduma inayoitafutia simu anwani za tovuti. Andika pale family.cloudflare-dns.com, tovuti chafu hazifunguki, iwe Wi-Fi iwe bando.

Karafuu_Wete: Na akiwasha VPN, ile njia ya pembeni ya kukwepa vizuizi? Halafu DNS haigusi video za magrupu ya WhatsApp, na uchafu mwingi unapitia huko.

MamaPaje: Mnaotaka ya kulipia nisikilizeni. Mume wangu alilipia moja mwaka mzima, jina silitaji. Mwanzo raha, kila jioni napata ripoti: kaangalia katuni, kafungua kamusi. Baadaye ripoti zikaja tupu, eti leo hakutumia simu. Nikamsifu mpaka kwa bibi yake. Usiku mmoja naamka nitie udhu, naona mwanga chini ya shuka. Yumo kwenye Free Fire, ule mchezo wa kupigana risasi, vipokea sauti masikioni, anazungumza na watu wazima asiowajua, na kuna mmoja anamuuliza anakaa wapi. Saa nane za usiku! Kumbe simu ile inaua programu za chinichini ili kubana chaji, na ya ulinzi ikauliwa nazo.

FundiDarajani: Hilo si la programu, ni la simu. Ingia kwenye betri, iondolee vizuizi.

MamaPaje: Ndivyo walivyonijibu na wao, pesa zishaliwa.

MzeeWaBao: Mtoto wa skuli simu ya nini? Mpeni kitochi.

BiMkasi: Mzee wangu, mwalimu anapiga picha ubao anaituma kwenye grupu. Kitochi kitaionesha?

MzeeWaBao: Akanakili kwa mwenzake. Na huyo mwalimu siku hizi haandikishi?

BiMkasi: Darasa limejaa, mzee, wa nyuma hawauoni ubao. Usimuonee mwalimu.

MtuWaFuoni: Samahanini, nilikuwa kazini. Ana miaka 9. Simu ni Android, ya mama yake, anaichukua akirudi chuoni.

BiMkasi: Lo! Hayo si ndiyo ya kuanza nayo? Family Link inataka akaunti ya mtoto. Ukiiweka hapo utamfungia mkeo.

FundiDarajani: Tazama kama ina sehemu ya watumiaji wengi, mtoto umfungulie upande wake. Simu nyengine hazina. Kama hamna, bandika skrini: unamfungulia katuni, unaibandika na kuweka PIN, hatoki hapo bila PIN.

Karafuu_Wete: Mtoto wa miaka 9 PIN ya mama yake haijui?

MtuWaFuoni: Anaijua. Yeye ndiye anayemuwekea vocha.

Kijana_Mkoani: Fundi, simu yangu inashika moto nikiichaji. Uko Darajani upande gani?