Tupeane uzoefu: kamera ya filamu uliipataje, na nini kilikukuta

MwanaMkomani
Jana nimefungua kasha la marehemu baba nikakuta Zenit-E yake. Lenzi ya Helios imeota ukungu, utasema utando wa buibui. Nimekaa nayo barazani hadi adhana ya magharibi. Kamera hii ndiyo iliyopiga Maulidi zetu zote na mashindano ya mashua. Wenye kamera za filamu hapa Amu (Lamu), semeni mlizipataje na unyevu huu mnaushindaje.

Binti_Langoni
Pole sana kaka. Itoe kwenye mfuko wake wa ngozi leo hii, ngozi inashika unyevu. Ukungu unapenda giza, iache lenzi ipate mwanga.

KijanaShela
Mimi nina Olympus Trip 35, niliinunua kwa mgeni aliyekuwa anaondoka, shilingi 3,500. Kabla ya kulipa niliziba lenzi kwa kiganja nikabonyeza, bendera nyekundu ya kusema mwanga hautoshi ikatokea dirishani. Nikaielekeza kwenye jua, haikutokea. Basi kipima mwanga kizima, na hakitaki betri. Tafuteni hiyo. Zenit ni tofali.

MwanaMkomani
Tofali hilo ni la baba yangu, ndugu. Nalo halitaki betri.

KijanaShela
Nisamehe kaka. Mungu amrehemu mzee.

Fundi_Matondoni
Izikeni kwenye mchele, unyevu utakwisha.

Binti_Langoni
Mchele msithubutu! Unga wake unaingia kwenye shata, kile kilango cha kupitisha mwanga. Kopo lenye kifuniko na chembe za silika za kunyonya unyevu, basi.

Fundi_Matondoni
Yangu imekaa mcheleni mwaka wa nne na inapiga. Na mwasema kama filamu ni ugeni! Mpiga picha Omar Said Bakor alikuwa na studio yake hapa hapa Amu, akikata picha na kuziunganisha kwa mkono. Unyevu ulikuwa huu huu.

Macho_Mawili
Nilikuwa napita tu, ila hilo kasha limenigusa.

Miaka sita nyuma nilinunua Yashica-Mat 124G kwa kijana wa Malindi. Alisema ilikuwa ya shangazi yake marehemu, aliyekuwa akiitwa kwenye arusi za wanawake kwa kuwa ndiye mwanamke pekee mtaani mwao mwenye kamera. Nilipofika nyumbani nikazungusha mkono wa pembeni, ukawa mzito, hesabu ikatoka 9 ikaingia 10. Ndani mna filamu! Wenye kamera hii mwajua, mkanda wa 120 unatoa picha 12 tu. Nikaziba lenzi nikamaliza tatu zilizobaki, nikangoja usiku.

Ulikuwa mkanda wa nyeusi na nyeupe. Dawa ya kuusafishia ili picha zitokee inataka nyuzi 20, maji yangu yalikuwa 29, nikatumbukiza tenki kwenye ndoo ya barafu niliyopewa na muuza samaki. Suuzo la mwisho nikatumia maji ya chupa, maana kisima chetu kina munyu na kinaacha madoa.

Nilipoutundika ukauke nikaona. Arusi, tena ndani, upande wa wanawake. Hawana buibui. Mmoja ameinua mikono anacheza. Nikazima taa nikakaa gizani na mkanda unadondoka maji.

Asubuhi nikamkabidhi mama yangu mkanda bila kuutazama tena. Siku ya pili tukavuka hadi Mokowe, tukapanda basi mpaka Malindi. Mama akaingia ndani kwa kina yule kijana, mimi nikabaki barazani. Nikasikia kilio. Bibi arusi yule alifariki kwa uzazi hata mwaka haujaisha, na mama yake hakuwa na picha hata moja ya siku ile. Mimi sura yake naijua kwa negativu tu, uso mweusi na nywele nyeupe.

Binti_Langoni
Nimelia.

Abu_Swafiya
Ungeuchoma ulipoona tu. Wale ni wanawake wa watu.

Binti_Langoni
Uchome picha ya mtoto wa mtu? Mwenye kuamua ni mamake, si wewe!

Abu_Swafiya
Basi angeuliza kabla ya kusafisha. Ameshaambiwa kamera ilikuwa ya arusi za wanawake. Alitarajia kukuta nini ndani?

Macho_Mawili
Hapo umesema kweli, Abu. Ilinipasa kumpigia yule kijana kwanza. Hamu ilinizidi, na jambo hilo linanikera mpaka leo.

KijanaShela
Kwa wanaotaka kuanza: filamu ya rangi ni rahisi zaidi huku kwetu. Dawa yake ya kusafishia, C-41, inataka nyuzi 38, dakika tatu na robo. Hakuna kuhangaika na barafu.

Fundi_Matondoni
Rangi ni ghali. Anzeni na nyeusi na nyeupe.

Binti_Langoni
Macho_Mawili, na nani alizichapa zile picha?

Macho_Mawili
Mjukuu wao wa kike. Nilimfundisha kwa mkanda wangu mwingine wa picha za punda, kisha akajifungia chooni na negativu zao, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mimi nilisimama nje ya mlango namhesabia sekunde kwa sauti. Zilitoka saba. Mbili zilikuwa zimeliwa na ukungu.

MwanaMkomani
Ndugu zangu, kwenye Zenit nitajuaje kama ndani mna mkanda? Hesabu yake inazungushwa kwa mkono, haisemi kitu.

Macho_Mawili
Kushoto juu kuna kirungu cha kurudishia mkanda. Kizungushe polepole kufuata mshale. Kikilegea hamna kitu. Kikikaza, usifungue mgongo.

MwanaMkomani
Kimekaza. Mama yuko jikoni, nakwenda kumuuliza.