Konsoli ya gemu kwa nyumba inayotegemea bando: nichukue ipi?

Mwalimu wa Mafinga
Habari za jioni, ndugu zangu. Nimekusudia kuwanunulia wanangu wawili, mmoja wa darasa la nne na mwingine wa kidato cha pili, mashine ya gemu kabla ya likizo ya Desemba. Mkubwa anataka mpira, yaani EA Sports FC, na mdogo anapenda mbio za magari. Televisheni yetu ni HD ya kawaida ya inchi 32, intaneti yetu ni bando la simu, na msimu wa mvua umeme hukatika mara kwa mara. Duka moja la Iringa mjini lina Xbox Series S mpya, na muuzaji ananihimiza niichukue kwa kuwa ni ya kizazi kipya. Mtu mwingine ananiuzia PlayStation 4 (PS4) Slim ya mtumba yenye pedi mbili. Na shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam anasisitiza Nintendo Switch. Sitafuti yenye nguvu kuliko zote. Natafuta itakayotumika humu ndani mwaka mzima bila kunitia hasara.

Fundi Mwanjelwa
Shikamoo Mwalimu. Kabla ya kuuliza habari za picha na kasi, uliza gemu zitaingiaje kwenye mashine. Series S haina mahali pa kuweka diski, kwa hiyo kila gemu sharti lipakuliwe, na gemu kubwa za siku hizi huzidi GB 50, nyingine zikivuka hata 100. Hata kuiwasha kwa mara ya kwanza kunahitaji intaneti. Piga hesabu ya bando hilo kwa gemu tatu tu, kisha kumbuka kwamba hifadhi ya toleo lake la kwanza ni GB 512 na sehemu yake huchukuliwa na mfumo wenyewe, hivyo watoto watalazimika kufuta gemu moja ili kupata nafasi ya jingine, na wakilitaka tena wanalipakua upya.

PS4 Slim inatumia diski. Unaiweka, gemu linajinakili ndani, watoto wanacheza. Wakilichoka, diski inauzwa au inabadilishwa na ya jirani, jambo lisilowezekana kabisa kwa gemu lililopakuliwa. Masasisho yapo, na mengine ni makubwa, lakini ndugu wawili wanaocheza sebuleni kwa pedi mbili wanaweza kuyaahirisha. Vilevile hawatahitaji kulipia PlayStation Plus, kwa kuwa malipo hayo ni ya wanaotaka kupambana na watu wengine mtandaoni.

Kuhusu umri, ni kweli PS4 ilitoka mwaka 2013 na Slim mwaka 2016. Hata hivyo FC 26 ya mwaka 2025 bado ilitolewa kwa PS4, na kwa televisheni ya inchi 32 utakuwa unalipia ubora wa picha ambao kioo chako hakiwezi kuuonyesha.

Mkazi wa Kihesa
Naomba nitofautiane kidogo na Fundi. Series S hupakia gemu upesi mno kwa sababu ya SSD yake, yaani hifadhi ya ndani yenye kasi, haina kelele, na ikiwa mpya huja na dhamana, kitu ambacho mtumba hauna. Mwalimu akiwa na ndugu mjini mwenye intaneti ya faiba, anaweza kuibeba, akapakua gemu za likizo nzima usiku mmoja, akarudi nayo Mafinga. Akishaisajili kuwa Xbox ya nyumbani kwenye akaunti yake, gemu alizonunua zitachezeka bila mtandao. Ni usumbufu, lakini si kikwazo.

Mama wa Tukuyu
Mwalimu, mimi nina watoto wa rika la huyo wako mdogo, na huku kwetu mvua hainyeshi kwa ratiba. Kilichonivuta kwenye Switch ni betri: toleo la 2017 hukaa kati ya saa 2.5 na 6.5, na lile lililoboreshwa mwaka 2019 hukaa kati ya 4.5 na 9, kutegemea gemu. Umeme ukikatika, wanaichomoa kwenye televisheni na kuendelea kwenye kioo chake yenyewe. Vipedi vyake viwili vidogo vinatosha watoto wawili kwa gemu nyingi, na kadi zake nyingi za gemu huchezeka bila kupakua kitu kikubwa.

Hata hivyo, kwa huyo mpenda mpira sikushauri. FIFA 20 hadi FIFA 23 za Switch (FIFA ndilo jina la zamani la EA Sports FC) zilikuwa gemu lilelile la zamani lililobadilishwa jezi na vikosi. FC 24 ndiyo iliyoleta nafuu. Na ukishawishiwa kuchukua Switch 2, soma boksi la gemu kwa makini, kwani baadhi ya kadi zake ni ufunguo tu na gemu lenyewe hupakuliwa.

Mwalimu wa Mafinga
Nawashukuru sana. Sina ndugu mwenye faiba karibu, na mpira ndio utakaochezwa zaidi, kwa hiyo naelekea kwenye PS4. Fundi, nikague nini kabla ya kutoa fedha? Na radi je?

Fundi Mwanjelwa
Nenda na diski yako mwenyewe, Mwalimu. Cheza mechi nzima mbili, si kuona menyu tu, na usikilize: feni ikinguruma kama mashine ya kukoboa, ndani kuna vumbi au grisi ya prosesa imekauka. Hilo linatibika, ila lipunguze bei. Diski ikisomwa kwa kusitasita, achana nayo. Tikisa waya wa HDMI, ule unaopeleka picha kwenye televisheni, taratibu uone kama picha inapotea, jaribu vijiti vya pedi zote mbili, kisha muuzaji aondoe akaunti yake na kuirejesha mashine kwenye hali ya kiwandani mbele yako.

Radi ikianza, chomoa waya wa umeme, HDMI na antena ya televisheni. Wengi huchomoa plagi pekee, na hitilafu hupita kwenye antena hadi televisheni, kisha kwenye HDMI. Kwa umeme wa kukatika, UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya akiba, inatosha kukupa muda wa kuzima vizuri, maana Slim imeandikwa wati 165 za juu kabisa, ilhali PS5 ya mwanzo imeandikwa 350. Jumlisha na wati za televisheni kabla ya kuinunua.