Re: Homuweki ya mtoto: ukoo wa William Marshal, ngome ya Chepstow

Kutoka: Mama Zuhura, Newport

Wapendwa, hamjambo huko mliko. Naomba msaada kabla ya Jumatatu. Zuhura yuko mwaka wa saba shuleni. Darasa lao lilipelekwa ngome ya Chepstow, sasa mwalimu anataka kila mtoto achore mti wa ukoo wa William Marshal, aliyekuwa mwenye ngome, kisha aeleze mali yake ilikwenda wapi. Nilikaa naye jana baada ya zamu, tukachanganyikiwa wote wawili. Mama Isabel, binti Isabel, mjukuu Isabel. Wanaume nao ni William, Gilbert na Richard tu, kama majina yaliadimika. Kuna tovuti inasema tulipie kila mwezi ndipo ituoneshe mti kamili. Nilipe?

Kutoka: Hamisi, Bristol

Dada, usilipe hata senti. Kwanza, kadi ya maktaba ya mtaani kwenu ni bure, na maktaba nyingi za umma hapa Uingereza na Wales zinakuruhusu uitumie ukiwa nyumbani kusoma Oxford Dictionary of National Biography, yaani kamusi ya maisha ya watu mashuhuri wa Uingereza. William yumo, baba yake yumo, wanawe wamo, wametafitiwa na wanahistoria. Miti ile ya kulipia wanaijaza wateja wenyewe. Mmoja akikosea, wengine mia wananakili.

Pili, mnachanganyikiwa kwa sababu mnawafuata wanaume. Katika ukoo huu, wafuateni wanawake. Ardhi iliingia kwa mwanamke na ikatoka kwa wanawake.

Anza juu. Baba, John, alikuwa msimamizi wa farasi na ulinzi katika nyumba ya mfalme, ndiyo kazi iliyowapa jina la Marshal. William alizaliwa mnamo 1147, mtoto wa nne wa kiume, yaani wa kutorithi kitu. Zuhura atapenda kisa cha 1152: Mfalme Stephen alimshika mateka kule Newbury, akamtishia baba kwamba asipoitoa ngome mtoto atanyongwa. Baba akajibu kwamba nyundo na fuawe anazo, atafua wana wengine walio bora kuliko huyo. Mfalme ndiye aliyemhurumia mtoto.

Kisa hicho kimo katika shairi la Kifaransa la mistari zaidi ya 19,000 ambalo mwanawe mkubwa alilifadhili baada ya kifo chake. Lisomeni kama utenzi wa kumsifu marehemu: majina ya watoto yanaaminika, ushujaa mpunguzie kidogo.

Alikaa hadi zaidi ya miaka 40 bila ardhi ya maana, akiishi kwa upanga na mashindano ya wapanda farasi. Mwaka 1189 akamwoa Isabel de Clare, binti wa miaka kama 17. Hapo ndipo penye siri yote. Baba yake Isabel ni Richard de Clare, Mnormani aliyevuka kwenda Ireland. Mama yake ni Aoife, binti wa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster huko Ireland. Kwa ndoa hiyo moja William akapata Chepstow, haki ya Pembroke (Wales) na Leinster nzima. Kwa hiyo mwambie Zuhura asimwandike Isabel kwa herufi ndogo pembeni mwa mume. Mwenye mali ni yeye.

William alipewa cheo cha kikabaila cha Earl wa Pembroke mwaka 1199. Kuanzia 1216 alishika nchi kwa niaba ya Henry III aliyekuwa mtoto wa miaka tisa, akafariki Mei 1219. Isabel alimfuata mwaka uliofuata.

Waliacha wana watano. William wa pili alifariki 1231. Richard aliuawa Ireland 1234. Gilbert, 1241, hatamu zilikatika mashindanoni, farasi akamburura. Walter alikufa Novemba 1245, na Anselm Desemba hiyohiyo. Wote walirithiana zamu kwa zamu, na hakuna aliyeacha mtoto halali. Kwenye karatasi hawa wapeni mstari mfupi na mwaka wa kufa, basi. Sehemu kubwa ya karatasi iwe ya dada zao:

Maud, aliolewa na Hugh Bigod, kisha William de Warenne.
Isabel, aliolewa na Gilbert de Clare, kisha Richard wa Cornwall, ndugu wa mfalme.
Sibyl, aliolewa na William de Ferrers.
Eva, aliolewa na William de Braose, yule aliyenyongwa na Llywelyn, mtawala wa Wales, mwaka 1230.
Joan, aliolewa na Warin de Munchensi.

Sheria yao ilikuwa hivi: wakiwapo wana, mkubwa anachukua yote na wadogo wanamtazama. Wasipokuwapo, mabinti wanagawana sawasawa, na binti aliyekwisha kufa watoto wake wanasimama mahali pake. Basi kati ya 1246 na 1247 himaya ikakatwa mafungu matano. Chepstow na Carlow ya Ireland zikaenda kwa Maud, ambaye pia alipewa ule wadhifa wa Marshal. Kilkenny ikaenda upande wa Isabel, Kildare upande wa Sibyl, zote za Ireland. Eva aliacha mabinti tu, fungu lake likakatwa tena. Joan naye, binti yake aliolewa na William de Valence, ndugu wa mfalme kwa mama, na kwa ndoa hiyo Pembroke ikaondoka. Sibyl ndiye kichekesho: alikuwa na mabinti saba! Moja ya tano igawe kwa saba. Msijaribu kuwachora wote saba, andikeni "mabinti 7" mkapumzike.

Kutoka: Bi Saada, Leicester

Mwanangu Hamisi, umeeleza vizuri, lakini wajane umewaruka. Sisi tuliokwisha kukaa kwenye vikao vya mirathi tunajua ugomvi unaanzia wapi.

Kwa sheria yao mjane alikuwa na theluthi ya ardhi ya mume, anaila mpaka afe. Sasa hesabu: ndugu watano, na kila mmoja alioa. Kila ndugu anayerithi anamkuta shemeji ameshikilia theluthi. Aliyewatoa jasho ni Eleanor, dada wa Mfalme Henry. Alimwoa William wa pili mwaka 1224 akiwa na miaka tisa, akafiwa akiwa na miaka 16. Richard, shemeji yake, alimkadiria paundi 400 kwa mwaka badala ya ardhi ya Wales na Ireland. Eleanor akaolewa tena na Simon de Montfort mwaka 1238, na huyo mume mpya akalidai fungu hilo miaka na miaka kuwa ni dogo mno. Mwaka 1259 Henry alipotaka kufunga mkataba wa amani na mfalme wa Ufaransa, Eleanor alitakiwa akane madai yake ya ardhi ya huko Ufaransa, akagoma mpaka haki yake ya ujane itazamwe. Mkataba wa falme mbili ulingoja mirathi ya mwanamke mmoja. Zuhura aliweke hilo, mwalimu atampa alama.

Kutoka: Mzee wa Carlow

Huku kwetu Ireland wana maelezo yao ya kwa nini wale watano walikufa bila watoto. Askofu wa Ferns alidai William alimnyang'anya mashamba mawili, akamtenga na kanisa. William akafa bila kuyarudisha. Henry alimpeleka askofu kaburini London amwondolee marehemu laana. Askofu akasema mashamba yarudi kwanza. Wana wakakataa, naye akatamka kwamba jina lao litakwisha katika kizazi kimoja. Aliyeyaandika haya ni Matthew Paris, mtawa wa St Albans, ambaye matokeo alikuwa ameyaona tayari, kwa hiyo utabiri ulikuwa rahisi. Hadithi tamu, lakini kwenye homuweki iandikeni kama masimulizi.

Kutoka: Mama Zuhura, Newport

Shikamoo Bi Saada. Kaka Hamisi, Mzee, ahsanteni sana. Tumechora mpaka mabinti watano. Maswali mawili. Isabel ana waume wawili: ni watoto wa mume yupi walichukua Kilkenny? Na Zuhura ameona tangazo la kuuziwa "nembo ya ukoo wa Marshal" iliyochapwa kwenye karatasi nzuri. Anataka kuibandika juu.

Kutoka: Hamisi, Bristol

Wa mume wa kwanza. Isabel alifariki 1240, kabla ya kaka zake kuisha, hivyo fungu lilimrukia mwanawe mkubwa, Richard de Clare (si yule aliyevuka kwenda Ireland). Mali inamfuata yeye kwa sababu mama ni Marshal. Huyo mume wa Cornwall mchore pembeni kwa mstari wa nukta.

Nembo msinunue. Hapa nembo ni ya mtu na wazao wake, siyo ya kila mwenye jina linalofanana, na hao wauzaji wanamuuzia yeyote. Achore mwenyewe: ngao nusu ya kushoto rangi ya dhahabu, nusu ya kulia kijani, katikati simba mwekundu amesimama kwa miguu ya nyuma. Dakika kumi na kalamu za rangi.

Nafasi ikibaki chini, shukeni na mistari miwili. Wa kwanza: Isabel akamzaa Isabel de Clare, huyu akamzaa Robert Bruce, naye akamzaa Robert wa Kwanza, mfalme wa Scotland. Wa pili: Eva akamzaa Maud de Braose, naye Edmund Mortimer, naye Roger Mortimer aliyemwangusha Mfalme Edward II na kunyongwa mwaka 1330. Yaani mfalme mmoja na mpindua mfalme mmoja, wote vilembwe wa William, na hakuna aliyebeba jina la Marshal.

Ule wadhifa aliopewa Maud haukupotea. Baada ya akina Bigod ulirudi kwa mfalme, ukapita mikono kadhaa, na leo uko kwa Duke wa Norfolk. Ndiye aliyepanga mazishi ya Malkia Elizabeth 2022 na kutawazwa kwa Charles 2023.

Mkipata Jumapili moja, rudini Chepstow kwa treni, tena ingieni ndani muione milango mikubwa ya mwaloni. Mbao zake zimepimwa, ni za miaka ya 1190 au kabla, enzi za William mwenyewe, na ilibaki langoni mpaka 1962. Kutoka hapo basi la kwenda Tintern halina umbali. Isabel mke wa William amezikwa kwenye abasia ya huko, na Walter na Anselm pia. William yuko Temple Church, London, hiyo mngojee likizo.