Msaada wakuu: chura wa mpwa wangu hagusi chakula

Mjomba wa Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu kaokota chura baada ya mvua, wale wa kahawia wenye mabaka na ngozi ya vipelevipele, anajaza kiganja. Mama yake kakubali afugwe, shingo upande. Tumemweka kwenye beseni la maji ya bomba, tukampa wali, ugali, mpaka nyama ya kusaga. Hagusi, koo linampwita tu. Jirani naye keshaanza: chura ndani ya nyumba ni mkono wa mtu, tena mtoto ataota chunjua. Naombeni mwongozo.

Bibi Bustani
Mtoeni majini leo hii! Huyo wa nchi kavu, akikosa pa kupanda atachoka na kuzama. Tafuta ndoo pana yenye mfuniko wa wavu, tia udongo usio na dawa wala mbolea, kina cha kutosha ajichimbie, na kigae cha chungu cha kujifichia. Maji yawe kwenye kisahani, yasimpite mabega. Chura hanywi kwa mdomo, anafyonza kwa ngozi ya tumbo, kwa hiyo klorini ya bomba inamwingia moja kwa moja. Kingeni ya mvua.

Nyenje Mweusi
Ugali huo kula wewe mkuu 😂 Kwa chura, kisichotikisika si chakula. Mpe nyenje, panzi, mchwa, nyungunyungu, wakiwa hai, wasizidi upana wa kati ya macho yake. Mende sawa, ila si wa jikoni mlikopuliza dawa. Mlishe giza likiingia. Mkubwa anatosheka kila baada ya siku mbili tatu. Muite dogo aangalie: kabla ya kurusha ulimi, vidole vya miguu ya nyuma hutetemeka. Akimeza, macho yanazama ndani yasukume chakula kooni. Dogo hatoki hapo.

Mama Shani
Chunjua huletwa na kirusi cha binadamu, chura hahusiki. Sumu anayo kweli, kwenye vile vinundu viwili nyuma ya macho. Mbwa akimng'ata ni balaa. Mtoto anawe kwa sabuni akishamshika, asijipikiche macho. Kabla ya kumshika, alowanishe mikono kwa maji matupu. Na jirani mwambie vyura wa bonde la Kihansi, hapa hapa Tanzania, walipelekwa Marekani mwaka 2000 wakazalishwe huko, wakaanza kurudishwa porini 2012. Mchawi gani huyo wa kupandishwa ndege?

Mjomba wa Kihonda
Jirani atakoma 😂 Ndoo tayari, kajichimbia kabaki macho tu. Maganda ya mayai yanafaa kwa kalsiamu?

Nyenje Mweusi
Saga yawe unga laini, wapakaze nyenje mara moja moja. Kalsiamu ya unga ya duka la mifugo ni bora zaidi. Lakini akigoma kula wiki nzima, mrudisheni mlikomwokota, usiku, mvua ikinyesha.