Odi 2.10, +110, 11/10: hizi namba zinasomwaje na wanazipata wapi?

Kijana wa Uyole
Wakuu salaam. Naombeni mwenye uelewa anisaidie, maana hapa kibandani tunapobetia kila mtu ananijibu kivyake. Mi odi nnayoijua ni hii ya desimali, 2.10 unaweka buku unapata 2,100 basi. Sasa juzi bro wangu yuko Marekani kanitumia skrinishoti ya mechi, timu moja imeandikwa -150 nyingine +130, nikadhani ni hendikepu kumbe anasema ndo odi zenyewe. Afu ijumaa asubuhi niliona timu ina 2.10, jioni natoka kazini nakuta 1.90 na mechi hata haijaanza, nani kaishusha? Na kubwa zaidi, ile namba ni uwezekano wa timu kushinda au wanajipangia tu?

Mwalimu wa Zamu
Mdogo wangu umeuliza jambo la maana, watu wanabeti miaka kumi hawajawahi kuliuliza.

Tuanze na za bro wako. Ukiona alama ya jumlisha, hiyo namba ndo faida ukiweka 100. Kwaio +130 unaweka 100 unarudishiwa 230, kwetu ni 2.30. Ukiona ya kutoa, ni hela unayotakiwa uweke ili upate faida ya 100, yaani -150 unaweka 150 unarudishiwa 250, gawanya inakuja 1.67. Waingereza wao wana sehemu, 11/10 maana yake weka 10 faida 11, na ile 10 yako inarudi, jumla 21, gawa kwa 10 unapata 2.10 ileile. Leicester msimu wa 2015/16 walianza na 5000/1 kuchukua ubingwa, aliyeweka pauni 1 akaiacha mpaka mwisho alipata 5,001 pamoja na ile yake.

Sasa kwenye maana ya namba naomba utulie, chukua kalkuleta ya simu. 1 gawa kwa odi, zidisha kwa 100, unapata asilimia. Tuseme dabi ya Simba na Yanga imewekwa hivi (namba za mfano, nimetunga mwenyewe): Simba 2.60, sare 3.00, Yanga 2.80. Simba inakuja 38.5, sare 33.3, Yanga 35.7. Jumlisha. Ni 107.5! Mechi ina matokeo matatu tu, ilitakiwa iwe 100, hiyo 7.5 ya juu imetoka wapi? Ndo ulaji wa kampuni. Wanakadiria uwezekano, afu wanapunguza kila odi kidogo. Bila huo mkato Simba ingekuwa kama 2.80 na Yanga 3.01. Kwaio jibu la swali lako, namba ile imeanzia kwenye uwezekano lakini ikifika kwako ishakuwa bei ya dukani, na faida ya mwenye duka iko ndani.

Aliyekaa Kaunta
Mwalimu kamaliza, mi niongezee la odi kushuka kwa sababu nimekaa dirishani kwenye duka la kubeti miaka mitatu, nimeliona hili kila wikiendi. Bei ya kwanza inatoka siku kadhaa kabla, watu wanaanza kuweka hela. Kama hela nyingi inaenda timu moja, au kumetoka habari kwamba kipa wa wapinzani kaumia, ile odi inashushwa na za upande wa pili zinapandishwa ili kampuni isibebe mzigo mkubwa upande mmoja. Ya kwako 2.10 ilikuwa asilimia 47.6, 1.90 ni 52.6, yaani ndani ya masaa yale soko limeongeza kama pointi 5, hakuna uchawi hapo. Kwa beti ya kawaida inayolipwa ni odi iliyoko kwenye slipu yako. Kuna baba mmoja alikuja kachapisha karatasi ya odi ya asubuhi anadai alipwe kwa hiyo, slipu yake ina 1.75, nikamwonyesha mstari ule mara tatu na roho iliniuma kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwelekeza. Kabla hujabonyeza thibitisha, rudia kusoma odi, maana apu zingine zina kitufe cha kukubali mabadiliko ya odi na kikiwa kimewashwa inabadilika hujui.

Dada Mkeka
Jamani na mikeka, yaani mechi kadhaa kwenye slipu moja na zote lazima zitiki, mtuambie ukweli! Odi zinazidishwa, mechi tano za 1.40 ni 1.4 mara yenyewe mara tano, 5.38, buku yako inakuwa 5,380. Tamu. Ila ule mkato aliousema mwalimu nao unazidishwa. Kama kila mechi wamekula asilimia 7, mechi tano ni 1.07 mara yenyewe mara tano, karibu 1.40, yaani odi ya haki ingekuwa 7.54 wewe umepewa 5.38. Kwa wastani katika kila buku unayoweka inarudi kama 713. Mi niliipiga hii hesabu usiku mmoja na daftari la mwanangu, toka hapo mikeka ya mechi kumi na tano nimeacha kabisa, nabeti mbili au moja.

Kijana wa Uyole
Asanteni sana wakuu, dada na mwalimu mbarikiwe. Nimejaribu mwenyewe sasa hivi, mechi ya kesho 1.85, 3.40, 4.20 imekuja 54.1 na 29.4 na 23.8, jumla 107.3, kweli kabisa. Ila nimejaribu na mechi inayoendelea laivu, 2.00, 3.10, 3.50, imekuja 110.8, nimerudia mara mbili nikidhani nimekosea. Mbona imezidi?

Mwalimu wa Zamu
Hujakosea. Laivu mara nyingi mkato ni mkubwa zaidi, bei inabadilika kila dakika na kampuni inajilinda, ndo maana hata refa akiweka penalti odi zinafungwa ghafla huwezi kubonyeza. Fanya hivi, mechi hiyohiyo ifungue kwenye kampuni mbili tatu kabla haijaanza, piga jumla ya kila moja, iliyo karibu na 100 ndo inakukata kidogo. Ukipata namba zilete hapa tuzitazame pamoja.