Dampa imefungwa lakini feni ya akiba inazunguka kinyumenyume

FundiZamu:
Habari za kazi wakuu. Nina feni mbili zinazonyonya hewa ya moto yenye vumbi, moja kazini, nyingine akiba. Kila feni ina dampa ya kipepeo (bamba la duara linalogeuka kwenye shafti kufungua au kuziba hewa) upande wa kutolea, kisha zinaungana kwenye dakti moja, yaani bomba la hewa. Upande wa kunyonya nako zinatumia dakti moja, ila huko hakuna dampa. Kipenyo cha dampa ni milimita 900, hewa ina joto la kama nyuzi 150, na presha kwenye dakti ya pamoja ni karibu paskali 2000.

Paneli inaonyesha dampa ya feni ya akiba imefungwa, lakini impela yake (gurudumu lenye mapanga) inazunguka kinyume, tena kwa kasi. Tukiiwasha, ovalodi (kinga inayokata umeme mota ikizidiwa) inakata. Pili, msimamizi anataka tuingie ndani ya feni hiyo tukwangue vumbi lililoganda kwenye impela huku nyingine ikiendelea na kazi. Anasema si dampa imefungwa? Naombeni ushauri.

Kipimahewa:
Rekebisha skrubu ya kikomo, inayoweka mwisho wa mwendo, kwenye akchueta (kifaa cha hewa kinachogeuza bamba la dampa). Mara nyingi bamba linasimama nyuzi chache kabla ya kufika mwisho. Kaza hapo, uone.

MzeeWaImpela:
FundiZamu, naanza na swali la pili kwa sababu hilo ndilo linaloua. Msiingie. Hata dampa hiyo ingekuwa mpya kabisa, upande wa kunyonya uko wazi, kwa hiyo feni yenu haijatengwa, imezibwa upande mmoja tu. Na upande huo uliozibwa una presha ya paskali 2000 ikisukuma bamba la milimita 900. Piga hesabu: ni kama uzito wa kilo 130 umeegemea bamba lile muda wote, unaobebwa na shafti na beringi zake, na kinachozuia bamba lisigeuke ni pini ndogo ya shafti na akchueta tu. Hewa ya akchueta ikikatika, au pini ikivunjika mtu akiwa ndani, impela inaanza kuzunguka naye yuko kati ya mapanga.

Sasa hilo la kuzunguka kinyume. Feni inayofanya kazi inajaza presha dakti ya pamoja, hewa inatafuta njia rahisi, inarudi kupitia feni ya akiba hadi dakti ya kunyonya. Ni mzunguko wa bure. Ukipima mvuto kwenye vinyonyeo vya vumbi utakuta umepungua, na watu watalaumu feni nzima isiyo na kosa. Mkiwasha ile inayozunguka kinyume, mota lazima kwanza iisimamishe ndipo iigeuze, na muda wote huo inavuta mkondo mkubwa. Ovalodi inafanya kazi yake. Tafadhali mtu asiipandishe.

Ushauri wa Kipimahewa una maana, lakini kabla ya kugusa skrubu hakikisha bamba lenyewe liko wapi. Paneli inasoma swichi ya kikomo, na kama swichi imepachikwa kwenye akchueta, inakuambia akchueta imefika, haikuambii bamba limefika. Siku mtakayozima feni zote mbili, fungua mlango wa ukaguzi, tazama mambo matatu: alama iliyochongwa kwenye ncha ya shafti ikilinganishwa na bamba, hali ya ukingo wa bamba, na vumbi lililojazana chini ya kikalio, pale bamba linapokaa likifunga. Shafti ikiwa imesimama wima, beringi ya chini nayo huwa imejaa vumbi.

Usidharau mwanya mdogo. Milimita 5 kuzunguka bamba hilo, kwa presha yenu na joto hilo, inapitisha zaidi ya nusu mita ya ujazo kwa sekunde.

FundiZamu:
Asante sana mzee. Jana usiku mitambo ilisimama, tukafungua. Mshale wa nje na bamba vinakubaliana, akchueta inafika mwisho. Ila ukingo wa bamba umesagwa kwa grainda karibu mzunguko mzima, na hakuna sili yoyote. Wa zamani hapa wanasema lilikuwa linakwama likipata moto. Nichomelee ukingo upya?

MzeeWaImpela:
Basi umempata mchawi. Aliyesaga alitibu kukwama akazalisha uvujaji. Chuma cha milimita 900 kikipanda joto kwa nyuzi 125 kinarefuka zaidi ya milimita moja, na bamba linapata moto kabla ya mwili wa dampa, kwa hiyo mwanya wa kutanukia lazima uwepo. Kinachoziba mwanya huo ni sili. Usichomelee, bamba litapinda na litakwama tena. Fungia ukanda mwembamba wa chuma cha pua unaobonyea kama springi, au sili ya silikoni. Kwa nyuzi 150 silikoni inavumilia, mradi vumbi lenu si la kukwaruza sana.

Jua pia kwamba bamba moja, hata likiwa na sili nzuri, huvuja kidogo. Linatosha kuzuia feni isizunguke kinyume. Halitoshi kumlinda mtu. Mkitaka kuingia feni moja ikiwa kazini, wekeni dampa ya gilotini (bamba linaloteleza kukata njia yote ya hewa) pande zote mbili, ya kutolea na ya kunyonya, zenye sili mbili na feni ndogo inayopuliza hewa safi katikati kwa presha inayozidi ya dakti, ili kinachovuja kiwe hewa safi.

FundiZamu:
Na kabla bajeti ya gilotini haijapatikana? Usafi wa impela hausubiri, mtikisiko unapanda.

MzeeWaImpela:
Zimeni zote mbili. Subirini impela isimame yenyewe, ifungeni isigeuke, kateni umeme kwenye swichi kuu ya kila mota, na kila anayeingia aweke kufuli lake na ufunguo akae nao mfukoni. Hewa ya akchueta itoeni yote kwenye mrija. Msimamizi akiuliza kwa nini uzalishaji usimame, mpeleke kwenye mlango wa ukaguzi akaone huo ukingo uliosagwa.

Kipimahewa:
Nakubali, skrubu haikuwa tatizo. FundiZamu, ukishaweka sili, pima presha pande zote mbili za dampa ikiwa imefungwa na uandike. Ukirudia kila ukaguzi utaona sili inapoanza kuchoka kabla impela haijaanza kuzunguka.